Mwanafunzi kaniuliza Rebmann alijuaje yuko wapi bila GPS, nikababaika. Hivi wapelelezi walitumia vifaa gani hasa?

#1 Mwalimu wa Zamu
Habari wakuu. Nafundisha historia shule moja ya kata huku Moshi upande wa Uru. Juzi nilikuwa kidato cha pili, mawakala wa ukoloni, nikafika kwa wapelelezi nikaandika ubaoni vilevile nilivyoandikiwa mimi: Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, alikuwa Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kilimanjaro, 1848. Kuna dogo wa dawati la nyuma, yule ambaye kipindi cha mchana huwa kalala, akanyoosha mkono. Mwalimu, mlima si ule pale dirishani? Darasa zima likacheka. Nikamwambia endelea. Akasema sasa kama hakukuwa na GPS wala simu, huyo Mzungu aliporudi aliwaelekezaje wenzake mlima uko wapi, na wao wakamwaminije?

Nikasema walikuwa na dira na darubini, kengele ikalia, nikatoka. Ila toka siku ile sina amani maana dira inakuonyesha kaskazini tu, haikwambii uko wapi. Mwenye kujua anisaidie, nataka niwapelekee watoto kitu cha kushika mkononi, majina na miaka wanayo ya kutosha.

#2 Chalii wa Ngarenaro
Nimekaa siti ya dirishani. Kumbe na walimu mnaokolewaga na kengele 😂

#3 Babu Kahawa
Rebmann na Krapf walifika wote huo mwaka 1848 na walikuwa na ramani ya Waarabu. Hakuna maajabu hapo.

#4 Binti Pangani
Shikamoo mzee wangu wa namba 3, ila hapana. Rebmann alikuja Uchagani bila Krapf. Krapf alibaki Rabai, karibu na Mombasa. Rebmann aliuona mlima tarehe 11 Mei 1848 akiwa na watu wachache tu na kiongozi wa msafara anaitwa Bwana Kheri. Krapf theluji ya Kilimanjaro aliiona mwaka uliofuata alipokuwa safari ya Ukambani, akaona na Mlima Kenya huohuo 1849.

Sasa Rebmann alipomuuliza kiongozi wake kile cheupe juu ni nini, jamaa akamjibu "baridi". Basi. Sisi watu wa pwani theluji tungeijulia wapi, ukitaja baridi umemaliza. Na kifaa chake maarufu kuliko vyote ni mwavuli, anasifika kwa kutembea na mwavuli pale wenzake walipobeba bunduki.

#5 Chalii wa Ngarenaro
Mwezi wa tano Moshi na mwavuli, mtu alikuwa na akili huyo. Mimi nilikuja msibani Kibosho mwezi huo na viatu vya suweidi, nilirudi Arusha na ndala za kuazima.

#6 Fundi Saa
Mwalimu jibu la huyo dogo ni SAA. Mimi natengeneza saa hapa Arusha mwaka wa ishirini na kitu huu, kibanda changu kinajulikana, na hii habari naipenda kuliko mpira.

Iko hivi. Dunia inajizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, kwa hiyo saa moja nyuzi 15, dakika nne uzi mmoja. Ukibeba saa iliyowekwa muda wa Greenwich halafu ukapima jua au nyota ukajua hapo ulipo ni saa ngapi, tofauti ya hizo saa mbili ndo longitudo yako. Rahisi kuisema. Ubaya wake sasa, saa ikikosea dakika MOJA umehama robo ya uzi, na huku kwetu karibu na ikweta robo ya uzi ni kama kilomita 28. Yaani unaandika nipo Moshi mjini kumbe unanunua ndizi Himo. Ndo maana Uingereza waliweka zawadi kubwa ya pesa kwa atakayetengeneza saa isiyodanganya baharini, na aliyewatoa kimasomaso ni mtoto wa seremala, John Harrison, saa yake ikajaribiwa safarini mwaka 1761. Kronomita zote walizobeba akina Livingstone ni wajukuu wa saa ile.

Na Livingstone mwenyewe ilimkuta. Safari yake ya mwisho wapagazi waliobeba hizo saa walianguka nazo, saa zikaendelea kutembea ila zikawa zimepata mtikisiko, longitudo zake zikaenda kombo. Mteja akiniletea saa iliyodondoka akaniambia fundi inatembea vizuri, huwa nanyamaza kwanza. Kutembea inatembea. Iamini sasa.

#7 Zebaki
Fundi umeongea vizuri ila saa peke yake ni nusu ya habari. Mimi ni mwalimu wa fizikia, naongezea.

Latitudo walipima kwa sekstanti, kile chombo cha pembe chenye vioo viwili, unapima jua au nyota iko juu kiasi gani kutoka upeo wa macho. Baharini upeo unauona. Sasa njoo huku, mbele yako Pare, nyuma migomba, upeo uko wapi? Kwa hiyo walibeba zebaki kwenye chupa, wanaimimina kwenye kitrei, inakuwa kioo kilicholala sawasawa, wanapima pembe kati ya nyota yenyewe na kivuli chake ndani ya trei halafu wanagawa kwa mbili. Na hapa kuna kitu watoto watakipenda. Sekstanti nyingi mwisho wake nyuzi 120 na kidogo, na kwenye trei pembe inakuwa mara mbili, ina maana jua likipita nyuzi 60 na kitu chombo kimegota. Moshi ipo nyuzi 3 na dakika 21 kusini, jua la saa sita linakukaa utosini karibu mwaka mzima. Kwa hiyo kazi ikawa ya usiku, mtu kapiga magoti anachungulia nyota kwenye trei, mbu wanamla, mwenzake kashika taa na saa, upepo ukipita zebaki inatetemeka wanaanza upya.

Urefu kutoka usawa wa bahari walipima kwa sufuria. Sitanii. Maji yanachemka nyuzi 100 pale Tanga ufukweni, ukipanda kila mita 300 hivi unapunguza nyuzi moja. Moshi mjini ni kama 97, Arusha 95, Uhuru kileleni 81. Unachemsha maji, unatumbukiza kipimajoto, unajua upo juu kiasi gani. Speke, mpelelezi Mwingereza, mwaka 1858 vipimajoto vizuri vilimwishia akatumia cha kupimia maji ya kuoga, akapata Ziwa Tanganyika lipo futi 1,800 na kitu wakati ni karibu 2,500. Kosa la chini ya uzi mmoja tu hilo.

Mwalimu wa Zamu, jiko la mkaa unalo, sufuria unayo, kipimajoto kipo maabara. Kitu cha kushika mkononi ndo hicho.

#8 Mama Lishe wa Soko la Mbuyuni
Sasa ndo nimeelewa kwa nini maharage nikipikia kwa mama mkwe Marangu yananimalizia kuni na hapa mjini yanaiva mapema. Mwaka wa saba nalaumiwa nyie

#9 Chalii wa Ngarenaro
Mama pole, mkwe wako aletewe Zebaki.
Halafu uzi mmoja una nyuzi za longitudo na nyuzi za joto, mods mfunge kabla hatujashona nguo.

#10 Kijiweni Kilimani
Nyie wote mnasifia vyuma. Mimi napanda huu mlima mwaka wa kumi na nane, nilianza mpagazi sasa ni gaidi, yaani muongoza wageni, na nasema kifaa kikubwa cha hao jamaa kilikuwa na miguu miwili na kilikula ugali.

Hiyo saa ya Fundi ilibebwa na nani? Trei ya Zebaki? Stanley mwaka 1874 alitoka Bagamoyo na mashua nzima imekatwa vipande, Lady Alice, vikawekwa mabegani mpaka Ziwa Viktoria, ikaunganishwa akalizunguka ziwa 1875. Tunafundishwa Stanley alilizunguka ziwa. Mabega hayapo kwenye kitabu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30, na sisi leo tukizidishiwa kilo 20 pale getini kelele zake mnazijua.

Na njia! Burton na Speke hawakufyeka njia, walipita njia ya misafara Bagamoyo Tabora Ujiji ambayo Wanyamwezi na Waarabu waliikanyaga miaka na miaka. Mmoja wa waliowaongoza ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akapelekwa India, akarudi Zanzibar, akatembea na Burton, Speke, Grant, Stanley na Cameron. Mtu mmoja safari zote hizo. Huyo ndo GPS.

#11 Babu Kahawa
Kilimani umesema kweli, na Livingstone alipofia Ujiji ni wapagazi waliombeba.

#12 Binti Pangani
Babu jamani 🙏 Ujiji ndo alipokutwa na Stanley 1871. Alifia kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Chuma na Susi na wenzao wakaukausha mwili wakaubeba mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Na walirudi na madaftari yake, hawakuyatupa.

#13 Babu Kahawa
Sawa mjukuu, mimi nilisoma zamani mwalimu wetu alikuwa anakunywa.

#14 Nesi wa Zamani
Mmesahau kwinini. Kabla ya kwinini kutumika vizuri Mzungu akikanyaga bara miezi michache kaburini. Livingstone alikuwa na vidonge vyake anavichanganya mwenyewe. Bila dawa saa na sekstanti zingebaki Bagamoyo na maiti.

#15 Zebaki
Nesi hiyo nakubali nusu. Kwinini walikuwa nayo na bado Burton alibebwa kwenye machela, Speke macho yakamfunga hata Tanganyika walipofika hakuliona vizuri. Rebmann alikaa miaka 29 bila kurudi kwao, aliporudi 1875 alikuwa kipofu.

#16 Binti Pangani
Narudi kwenye swali, maana wote mnaanzia karne ya 19 kama vile kabla ya hapo watu walikuwa wanatembea wamefumba macho. Mimi nimeolewa Moshi ila ni wa Pangani, babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi. Watu wa pwani walikwenda Arabuni na India kwa kaskazi na kusi karne nyingi kabla ya Harrison kuzaliwa. Kifaa kinaitwa kamal, kibao kidogo cha mbao na kamba yenye mafundo. Unauma fundo kwa meno, unanyoosha kamba mpaka ikaze, unaweka ncha ya chini ya kibao kwenye upeo wa bahari na ya juu kwenye nyota ya kaskazini. Kila fundo na bandari yake. Ukitoka safari ukitaka kurudi kwenu unatafuta kimo cha nyota ya kwenu halafu unafuata mstari huohuo mpaka nchi kavu. Huku kusini ya ikweta hiyo nyota inazama, kwa hiyo ukishuka Kilwa unahitaji nyota nyingine, na walizijua.

Vasco da Gama alipofika Malindi 1498 hakuvuka kwa akili zake, alipewa rubani pale Malindi, akavushwa mpaka Kalikuti India kwa siku ishirini na kitu.

#17 Kijiweni Kilimani
Huyo rubani ni Ahmad ibn Majid, anajulikana.

#18 Binti Pangani
Inasemwa hivyo sana ila ina ubishi mkubwa, kuna wanaosema alikuwa Mgujarati na sio ibn Majid. Ibn Majid ni bingwa kweli, aliandika vitabu vya usafiri wa bahari na njia za huku kwetu anazo. Ila usiwaandikie watoto kama ndo yeye.

#19 Karani Mstaafu
Nimewasoma kimya kimya toka asubuhi. Dogo aliuliza mambo mawili, mmejibu moja. La pili ni waliaminije. Jibu ni kwamba HAWAKUMWAMINI. Habari ya Rebmann ilichapishwa 1849 kwenye gazeti la wamisionari wao, na London kulikuwa na msomi anaitwa Cooley, huku kwetu hajawahi kufika, akakataa katakata kwamba ikweta inaweza kuwa na theluji. Ubishi ukaenda zaidi ya miaka kumi. Mpaka akaja Baron von der Decken, 1861 na mjiolojia Thornton, 1862 na Kersten, wakapima mlima kwa pembe kutoka sehemu mbalimbali, wakapanda mpaka kama mita 4,200, theluji ikawanyeshea. Hapo ndo wakaamini.

Kwa hiyo mimi nasema kifaa ni karatasi na mashine ya kuchapa. Mangi, mtawala wa Wachaga, aliuona mlima, Bwana Kheri aliuona, hawakuwa na gazeti. Hata ile ramani ya Erhardt na Rebmann, ile yenye ziwa moja kubwa limelala kama konokono asiye na nyumba, ilitokana na maneno ya wafanyabiashara waliohojiwa Tanga na Mombasa. Ziwa lilikuwa la uongo, maziwa matatu yameunganishwa kuwa moja, lakini kwa vile ilichapishwa ndo ikawafanya Burton na Speke watumwe.

#20 Babu Kahawa
Sasa karani umenigusa nami nitasema langu na binti asinisahihishe. Bibi yangu alitusimulia, na wazee wengi wa Machame wanasimulia, kwamba zamani Mangi Rengua alituma watu juu wakachukue ile nyeupe walidhani ni fedha. Wengi hawakurudi. Aliyerudi mikono na miguu imeharibika kwa baridi. Na ile fedha kwenye kibuyu imekuwa maji. Sasa hao walikuwa wanafanya nini kama sio upelelezi?

#21 Binti Pangani
Babu sikusahihishi, nakuunga mkono. Rebmann mwenyewe aliandika kwamba alisimuliwa habari ya watu wa Rengua. Shikamoo tena.

#22 Mwalimu wa Zamu
Wakuu asanteni. Babu hiyo naipeleka darasani kesho. Ila mmenizidishia shida, hili neno WAPELELEZI. Niliwauliza watoto mpelelezi ni nani, darasa zima: askari asiyevaa sare. Mmoja akasema kwa hiyo Rebmann alikuja kukamata nani.

#23 Karani Mstaafu
Na hawajakosea sana. Vitabu vingine vinasema wavumbuzi, hapo ndo dogo atakuuliza kavumbua nini wakati bibi yake anauona toka azaliwe. Mimi ningesema wasafiri.

#24 Kijiweni Kilimani
Wasafiri ni abiria wa basi. Acha wapelelezi. Walikuja wakaandika wapi kuna maji, nani ana nguvu, mlima una urefu gani, baada ya miaka arobaini bendera ya Mjerumani hiyo hapo. Lugha ilijua.

#25 Zebaki
Rebmann hakutumwa na Mjerumani, alitumwa na kanisa la Uingereza, na 1848 Ujerumani kama nchi moja haikuwepo. Sio kila mtu alikuwa na ajenda ya bendera.

#26 Kijiweni Kilimani
Na Hans Meyer, yule Mjerumani aliyefika kileleni? 6 Oktoba 1889 alipofika tu juu na mwenzake Purtscheller, akakiita kilele jina la Kaisari wa Ujerumani. Jiwe la kileleni akampelekea Kaisari. Na alipima kilele kipo mita 6,010, mkubwa kuliko ulivyo.

#27 Zebaki
Ndo kipimo cha wakati ule hicho, sio sifa. Waingereza 1952 wakapata 5,895, mwaka 1999 kwa GPS ikatoka 5,892 na nusu, 2008 wakapata 5,891 na nukta nane. Vitabuni bado 5,895.

#28 Chalii wa Ngarenaro
Yaani mlima unapungua kama mshahara.
Ila inasemwa Meyer aliongozwa na mzee Lauwo wa Marangu akaishi miaka 125, hiyo nimeisikia.

#29 Kijiweni Kilimani
Mzee Yohani Kinyala Lauwo kafariki 1996, sherehe za miaka mia za 1989 zilimkuta hai. Hiyo 125 wengine wanabisha, mimi simo. Ninachojua Meyer kitabuni kwake anamtaja Mwini Amani, mtu wa PANGANI dada yangu, ambaye alibaki peke yake kwenye kambi ya juu kule baridi inakotafuna mfupa, akilinda hema na kupika wenzake wakiwa barafuni. Na siri ya Meyer ni hiyohiyo, kambi. Safari ya 1887 theluji na barafu vilimshinda. Safari hii watu walikuwa wanapanda na kushuka Marangu kumletea chakula kila baada ya siku kadhaa. Tunavyofanya sisi mpaka leo.

#30 Binti Pangani
Mtu wa Pangani juu ya Kibo kabla ya koti la kukodi. Nimetoa chozi.

#31 Mwalimu wa Zamu
Naleta mrejesho. Nimefanya lile la sufuria. Jiko la mkaa nje ya darasa, maabara wakanipa vipimajoto vitatu, ile ya spiriti nyekundu, nikagawa makundi matatu maji yaleyale sufuria ileile. Kundi la kwanza 94. La pili 96. La tatu 99. Watoto wakaanza kugombana nani kasoma vibaya, nikawabadilishia vipimajoto, majibu yakafuata kipimajoto. Tukapiga hesabu ya Zebaki ubaoni: kwa 99 shule yetu ipo mita 300, yaani tupo huko Korogwe. Kwa 94 tupo mita 1,800, tunachungulia geti la Marangu. Kwa 96 ni mita 1,200, na hiyo ndo inakaribia ukweli wetu.

Yule dogo wa nyuma hakulala. Akasema kwa hiyo Speke angebeba hiki cha kundi la tatu ziwa lingekuwa baharini.

#32 Fundi Saa
Huyo dogo akikosa shule mleteni kibandani kwangu.

#33 Kijiweni Kilimani
Mwalimu nina kundi Jumatatu njia ya Marangu. Nipe hicho cha 96 nikakipime kambi ya Horombo nikuletee picha.

#34 Mwalimu wa Zamu
Kimeshasainiwa stoo, pitia asubuhi kabla ya paredi. Kirudi salama.

#35 Kijiweni Kilimani
Nipo Horombo, mtandao unakuja na kwenda. Maji yamechemka kwenye jiko la gesi kipimajoto kinasema 88. Wageni wanashangaa gaidi anapiga picha sufuria.

#36 Zebaki
Safi sana! 96 mpaka 88 ni nyuzi 8, mara 300 ni mita 2,400, jumlisha 1,200 za shuleni unapata 3,600. Horombo ni 3,720. Kwa sufuria na kipimajoto cha shule ya kata mmekosea mita 120 tu. Speke angewapigia saluti.

#37 Kijiweni Kilimani
Mwalimu upo? Kuna jambo. Leo tumeshuka mvua ilikuwa kubwa, kijana aliyebeba begi la jikoni kateleza kwenye mizizi chini ya kambi ya Mandara. Yeye mzima. Kipimajoto sio kizima.

#38 Fundi Saa
😂😂😂 Livingstone 1867

#39 Mwalimu wa Zamu
Mtunza stoo ameshaniuliza mara mbili. Sasa hivi nimemwambia kipo kwenye utafiti.